Ushujaa na Masafa ya Risasi

Barabara itokayo Kasese kwenda Fort Portal hupita Kitswamba, milima ya Ruwenzori ikiwa magharibi na nchi tambarare ikiwa mashariki. Mwaka 1891 ukanda huu ulionyesha jambo ambalo kila mbeba silaha hana budi kulifahamu: ushujaa usiojali masafa ya risasi humaliza askari bila kumzuia adui.

Mwaka huo Kapteni Lugard, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza iliyojitwalia mamlaka Afrika Mashariki, alitoka Ankole, akaiteka Katwe yenye ziwa la chumvi, kisha akaelekea kaskazini kumrudisha Kasagama katika ufalme wa Toro. Nchi hiyo ilikuwa mikononi mwa Omukama Kabalega wa Bunyoro. Askari wake, abarusura, walikuwa na vikosi, makamanda na bunduki nyingi zilizopatikana kwa biashara ya pembe za ndovu. Walakini, nyingi ya bunduki hizo zilikuwa gobori, zinazoshindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu; na mpiga gobori hana hakika ya shabaha iliyo mbali zaidi ya hatua mia moja. Lugard alikuwa na bunduki za Snider, zinazojazwa kwa nyuma, pamoja na bombomu ya Maxim iliyochakaa kwa kuvuka Afrika na Stanley. Maxim nzima iliweza kupiga risasi zipatazo 500 kwa dakika. Abarusura walipojitokeza wazi, wingi wao uliotisha majirani ukageuka shabaha. Wakatawanyika, na Kasagama akatawazwa.

Somo hilo halikuwa geni. Mwezi wa Juni 1872, huko Masindi, askari wa Kabalega waliwashambulia waziwazi askari wa Samuel Baker, wakarudishwa nyuma na bunduki za Snider. Lakini Baker alipoondoka kuelekea Mto Nile, mikuki ilimfuata kutoka katika nyasi ndefu, hatua chache kando ya njia. Hapo bunduki ya masafa marefu haikuwa na faida kubwa, kwa kuwa aliyeishika hakumwona wa kumpiga.

Kanali Colvile alipoivamia Bunyoro mwishoni mwa 1893, Kabalega hakurudia kosa la uwanja wa wazi. Aliuacha mji wake wa Mparo, akaingia msitu wa Budongo, akapigana kwa kuvizia. Vita vikaendelea hadi tarehe 9 Aprili 1899, alipokamatwa huko Lango pamoja na Mwanga wa Buganda. Mwaka uliotangulia, huko Omdurman nchini Sudani, jeshi la Khalifa lilivuka uwanja mtupu kuzikabili Maxim na mizinga. Watu wapatao 10,000 walikufa asubuhi moja. Upande wa pili hawakufika 50.

Hata hivyo, msitu haukuiokoa Bunyoro. Adui alijenga ngome, vyakula vikateketezwa, na raia wakafa kwa njaa na maradhi. Mbinu mpya ilirefusha vita. Mzigo wake ukawaangukia wasio na silaha.

Ndiyo maana kujifunza silaha ya adui ni wajibu wa kamanda kabla ya siku ya mapambano. Abarusura walitii amri na hawakupungukiwa na moyo. Kilichopungua ni amri iliyopimwa kwa masafa ya risasi zilizokuwa zikiwangojea.