Usambazaji wa Linux

Usambazaji wa Linux, au distro kwa kifupi, ni mfumo wa uendeshaji wa kompyuta uliojengwa juu ya kiini cha Linux na kukusanywa pamoja na programu nyingine ili usakinishwe na kutumika kama kitu kimoja. Msimbo wake wa chanzo kwa sehemu kubwa ni huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza upya. Kwa sababu hiyo zipo distro nyingi sana, na mtu anayetaka kutumia Linux kwa kazi za kila siku hulazimika kwanza kuchagua mojawapo.

Historia

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliolenga kuunda mfumo kamili wa programu huria. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitoa kiini cha Linux. Kiini peke yake hakimtoshi mtumiaji wa kawaida, hivyo watu walianza kukiunganisha na zana za GNU na programu nyingine.

Distro mbili za mwaka 1993, Slackware ya Patrick Volkerding na Debian ya Ian Murdock, zinaendelezwa hadi leo. Ubuntu, inayotokana na Debian, ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la lugha za Kinguni, kama vile Kizulu na Kixhosa, lenye shina moja na neno la Kiswahili "utu". Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006, nayo imejengwa hasa juu ya Ubuntu.

Muundo

Distro huwa na kiini, zana za msingi, meneja wa vifurushi na eneo-kazi. Meneja wa vifurushi ni programu inayopakua, kusakinisha na kusasisha programu nyingine kutoka hifadhi ya distro husika. Debian na Ubuntu hutumia APT, Fedora hutumia DNF na Arch Linux hutumia pacman.

Eneo-kazi ni sehemu anayoiona mtumiaji: madirisha, menyu na aikoni. Yanayojulikana zaidi ni GNOME, KDE Plasma, Cinnamon na Xfce. Distro moja inaweza kutolewa na maeneo-kazi tofauti, hivyo distro mbili zinazofanana kwa sura zaweza kutofautiana kwa ndani, na kinyume chake.

Kuchagua kwa matumizi ya kila siku

Jambo la kwanza ni uwezo wa kompyuta. Mashine yenye RAM ndogo huenda vizuri zaidi na eneo-kazi jepesi, kama Xfce au LXQt. Kompyuta za zamani za biti 32 zina nafasi inayozidi kupungua: Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi kwa ajili yake.

Jambo la pili ni mpangilio wa masasisho. Matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu hutoka kila baada ya miaka 2 na kupata masasisho ya usalama kwa miaka 5. Toleo la Fedora hudumu takriban miezi 13. Arch Linux haina matoleo; programu zake husasishwa mfululizo, jambo linaloleta vitu vipya mapema lakini humtaka mtumiaji awe mwangalifu. Kwa mwenye intaneti ya kulipia kwa kifurushi, masasisho ya mara kwa mara ni gharama pia.

Jambo la tatu ni programu zinazohitajika. Microsoft Office na Adobe Photoshop hazina matoleo ya kusakinishwa kwenye Linux. LibreOffice hufungua mafaili ya Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kubadilika. Wine huendesha baadhi ya programu za Windows, si zote.

Jambo la nne ni uendelevu wa mradi wenyewe. Desemba 2020 Red Hat ilitangaza kwamba CentOS Linux 8 ingefikia mwisho wake mwishoni mwa 2021, ilhali watumiaji walitarajia ihudumiwe hadi 2029. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, wengine waliweza kuanzisha AlmaLinux na Rocky Linux zichukue nafasi yake. Hata hivyo, kila mtumiaji alibaki na kazi ya kuhama.

Suala la kuchagua lilipata uzito mpya tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipomaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 hudai chipu ya TPM 2.0, na kompyuta nyingi za zamani ambazo bado ni nzima hazitimizi masharti yake. Kwa mashine hizo, distro ni njia mojawapo ya kuendelea kupata masasisho ya usalama bila kununua kompyuta nyingine.

Kujaribu kabla ya kusakinisha

Distro nyingi huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Kwa njia hiyo mtumiaji hupima kama Wi-Fi, sauti, kamera na printa vinafanya kazi. Kusakinisha kwenyewe huweza kufuta diski nzima, hivyo nakala ya mafaili hutakiwa kuhifadhiwa mahali pengine kwanza.

Linux na Kiswahili

Leseni huria humruhusu mtu kutafsiri programu bila kuomba kibali cha kampuni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitumia nafasi hiyo na kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Tafsiri za aina hii hutegemea watu wa kuziendeleza, kwa kuwa kila toleo jipya la programu huleta maneno mapya yasiyotafsiriwa.