Duka la Mtaa wa Maskini, Salford

Watu wengi hudhani kwamba Uingereza, ilipokuwa ikitawala nchi nyingi za dunia, ilikuwa nchi ya matajiri watupu. Robert Roberts, aliyezaliwa mwaka wa 1905 katika mji wa Salford, jirani ya Manchester, aliyaona mambo mengine. Baba yake alikuwa fundi wa chuma, na mama yake alikuwa na duka dogo mtaani. Humo dukani ndimo mtoto alimojifunza hali ya ulimwengu.

Wateja walikuwa wafanyakazi wa viwandani na wake zao. Mshahara wa juma ulipopatikana walilipa madeni, kisha wakaanza kukopa tena. Jumatatu wanawake walizipeleka nguo za Jumapili kuwekwa rehani, na Jumamosi wakazikomboa. Basi mama yake Roberts ilimbidi kupima ni nani akopeshwe na ni nani anyimwe. Akinyima, watoto wa jirani hulala njaa. Akikopesha ovyo, duka hufilisika na wanawe hulala njaa vilevile.

Mwezi wa Januari 1909 serikali ilianza kuwalipa wazee maskini waliotimiza miaka 70 pensheni isiyozidi shilingi 5 kwa juma. Fedha hizo zilikuwa chache, lakini ziliwaokoa wengi na aibu ya kuombaomba.

Roberts aliyaandika hayo katika kitabu chake, The Classic Slum, kilichotolewa mwaka wa 1971. Wanahistoria wangali wakikisoma, kwani madeni ya mtaa mmoja yatuonyesha jinsi watu walivyoishi kwa dhiki katika nchi iliyosifiwa kwa utajiri.