Jogoo na Ziwa: Nembo ya Taifa la Kenya Isomwapo Kisumu

Mhakiki wa fasihi amezoea kuichunguza ishara ndani ya shairi au riwaya. Nembo ya taifa, ambayo huonwa na watu wengi kuliko wasomao diwani yoyote, huachiwa vitabu vya uraia, navyo huipa kila sehemu yake maana moja isiyobishaniwa. Katika makala haya tunaichukulia nembo ya Kenya, iliyoidhinishwa mwaka 1963, kuwa ni matini, na tunaisoma tukiwa Kisumu. Hoja yetu ni kwamba maana ya matini hii haikamiliki bila kuzingatia mambo mawili: historia ya kilichomo na uzito wa kisichokuwamo.

Tuanze na kilichomo. Simba wawili wenye mikuki wameishika ngao, na katikati ya ngao yumo jogoo mweupe aliyeshika shoka. Chini yao upo Mlima Kenya pamoja na kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi, kisha neno moja: Harambee. Kwa mujibu wa ufafanuzi uliozoeleka, jogoo ni ishara ya mapambazuko. Ufafanuzi huo si wa uongo, bali ni pungufu. Jogoo huyo alikuwa pia alama ya KANU, chama kilichoundwa mwaka 1960, na ambacho Jaramogi Oginga Odinga, mzaliwa wa pwani hii ya ziwa, alikuwa makamu wa rais wake. Kwa hiyo, mwaka 1963 jogoo aliwika Kisumu akiwa mwenyeji.

Mwaka 1966 Odinga alijitenga, akaongoza chama cha KPU, ambacho alama yake ilikuwa fahali. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali. Ghasia zikazuka, walinzi wakaufyatulia umati risasi, watu wakauawa. Siku chache baadaye KPU kilipigwa marufuku. Ishara ilibaki ile ile, lakini msomaji wake alikuwa amebadilika: shoka lililoelezwa kuwa zana ya kazi sasa liliweza kusomwa kuwa silaha. KANU kiliondoka madarakani mwaka 2002, na Katiba ya 2010 ikaihifadhi nembo pamoja na jogoo wake. Alama imeishi kuliko utawala wa chama kilichoizaa.

Kisichokuwamo ni maji. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa ililifikia ziwa hapa Kisumu mwaka 1901, na mwaka uliofuata eneo hili likahamishwa kutoka Uganda na kutiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Hata hivyo, nembo haina wimbi, samaki wala mtumbwi. Yamkini msomaji atasema kwamba nembo ni muhtasari, na muhtasari hauwezi kubeba kila kitu. Aidha, Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hilo. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Ngao ya Uganda ina mawimbi ya ziwa hili hili, na ngao ya Tanzania ina mawimbi yanayowakilisha bahari na maziwa yake. Nembo ya Kenya imeliacha ziwa, na Bahari ya Hindi pia. Waliochagua mlima na mazao ya mashambani walikuwa wakichagua kitovu cha taifa, na kila kitovu kina pembezoni mwake.

Hatudai kwamba waundaji wa nembo walikusudia kuwatenga watu wa Nam Lolwe. Kusudio la mtunzi si mpaka wa maana. Tunachodai ni kwamba ukimya wa matini ni sehemu ya matini, na kwamba wahenga walikwisha kuisema kanuni hiyo: asiyekuwapo na lake halipo. Harambee ni wito wa wanaovuta mzigo kwa pamoja, na mvuvi avutaye wavu ufuoni mwa Kisumu anaujua wito huo kwa mikono yake. Neno hilo linamjumuisha, ilhali picha iliyo juu yake haimjumuishi. Ni katika mgongano huo wa neno na picha ndipo uhakiki wa nembo yetu unapopaswa kuanzia.