Habari za Konzo, Maradhi ya Miguu Iliyofungwa

Katika kitabu cha Jubilei hutazamiwa habari za makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa. Mimi nimeombwa niandike juu ya afya ya watu wetu, nami nimechagua habari za mhogo, kwa kuwa chungu cha nyumbani nacho kina historia yake.

Mhogo asili yake si Afrika. Wareno waliuleta kutoka Brazil katika karne ya 16, ukashika kwanza karibu na mlango wa mto Kongo, kisha ukaenea bara. Wenyeji wa Brazil walijua kuuondoa sumu: waliukuna, wakaukamua maji yake, wakaukaanga. Mmea ulivuka bahari, lakini elimu ile haikuvuka yote pamoja nao, na bibi zetu ikawapasa kutafuta njia zao wenyewe. Wengine waliuloweka mtoni siku tatu au nne. Wengine waliuvundika mpaka ukaota ukungu. Wengine waliuanika makopa majuma kadhaa. Bibi yangu mzaa mama hakusoma shule, lakini binti aliyeutoa mhogo majini kabla ya siku zake kutimia alirudishwa nao mtoni, hata kama jua limekuchwa.

Baadaye nzige na ukame vilipoharibu nafaka, serikali za wakoloni ziliwahimiza watu, na pengine kuwalazimisha, wapande mhogo uwe akiba ya njaa. Shauri hilo liliokoa wengi. Labda msomaji atauliza, mbona watu hupanda mhogo mchungu, na mtamu upo? Wakulima wanazo sababu zao: nguruwe na nyani hawaupendi, na mwizi naye hathubutu kuung'oa na kuutafuna njiani.

Mwaka 1938 Giovanni Trolli, tabibu katika Kongo ya Wabelgiji, alichapisha habari za maradhi yaliyoonekana katika nchi ya Kwango. Wayaka walikuwa wamekwisha kuyapa jina la konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima, akaamka miguu imekakamaa; au hurudi kutoka safari ndefu, magoti yakagongana asiweze kuendelea. Hana homa. Maradhi hayazidi baada ya siku zile za kwanza, wala hayaponi. Aliyeguswa kidogo hutembea kwa ncha za vidole. Aliyeguswa sana hutambaa maisha yake yote. Nao wanaoshikwa zaidi ni watoto, na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Mwaka 1981 ukame mkali uliingia jimbo la Nampula, Msumbiji. Habari za kwanza zilitoka kwa mtawa aliyewauguza wagonjwa kijijini, naye aliona wanawake na watoto wakiletwa kwake wamepooza miguu. Matabibu walipokwenda kuhesabu, walipata wagonjwa zaidi ya 1,000. Mwaka 1985 ukame ulileta konzo Tarime, katika nchi yetu ya Tanzania, na mwanzoni mwa karne hii ya 21 ikaonekana Mtwara na Mbinga.

Wapo waliosema ni uchawi, na majirani wakatazamana kwa jicho baya. Chanzo chenyewe ni hiki. Ndani ya mhogo mchungu imo sumu iitwayo sianidi. Mwili unaweza kuivunja nguvu, lakini kwa kazi hiyo huhitaji madini ya salfa, nayo hupatikana katika samaki, nyama, mayai na kunde. Wakati wa njaa mambo mawili hukutana: kitoweo kimekwisha, na mama ambaye watoto wake wanalia hawezi kungoja siku nne. Huutwanga mhogo leo, akauanika saa chache, na jioni akasonga ugali. Hivyo sumu huzidi siku ile ile ambayo kinga imepungua, na mishipa ya fahamu inayoamrisha miguu huharibika.

Wala si njaa peke yake. Huko Bandundu, Kongo, barabara njema ilipofika, wachuuzi wa Kinshasa walikuja kununua mhogo kwa haraka, na wanawake wakaanza kuuloweka siku moja badala ya tatu. Mimi siwezi kuwalaumu, maana fedha ya chumvi na ya daftari ilitoka humo.

Mtaalamu Howard Bradbury wa Australia alitafuta njia isiyodai siku nyingi, akaipata. Unga wa mhogo hutiwa maji ukalowa, ukatandazwa mwembamba juu ya mkeka, unene usizidi ukucha wa kidole, ukaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hutoka ikapotea hewani, kisha unga husongwa ugali siku hiyo hiyo. Tangu mwaka 2010 akina mama wa kijiji cha Kay Kalenda, upande wa Popokabaka katika Kwango ile ile ya Trolli, walifundishwa jambo hili. Muda wote wa kazi ile hakuonekana mgonjwa mpya, na wanawake wenyewe walisema kwamba ugali ule haukuwa tena na uchungu, wakawafundisha wa vijiji jirani.