Historia fupi ya jiko la peleti, au jinsi moto ulivyofundishwa kutii saketi

Ukilala Limuru au Nyahururu mwezi wa Julai, utaelewa mara moja kwa nini walowezi waliojenga huko zamani waliweka meko ukutani. Lakini baridi yetu ni ya kuongeza blanketi la pili tu. Kuna sehemu za Marekani, Kanada na Ulaya ambako nyumba isiyo na moto mwezi wa Januari si nyumba ya kulala mtu.

Leo basi, ndugu msomaji, tuangalie mashine moja inayotumika huko: jiko la peleti linalopachikwa ndani ya meko ya zamani ili kupasha nyumba joto. Huenda unajiuliza mwandishi wa programu anatafuta nini jikoni. Jibu ni kwamba ndani ya jiko hili kuna bodi ya saketi, sensa, feni na mota, na kazi yote ya kuchochea moto imeachiwa programu. Mimi swali langu ni hili: ukikabidhi moto wa nyumba yako kwa mashine, unapata nini na unalipa nini?

Tuanze na tatizo lenyewe. Meko ya ukutani yanapendeza kwa macho, lakini kwa kupasha joto ni hasara tupu. Moto ulio wazi huvuta hewa nyingi kutoka chumbani na kuipandisha kwenye bomba la moshi, hewa ambayo tayari ilikuwa na joto. Kwa kawaida kama sehemu moja tu katika kumi ya nishati ya kuni ndiyo hubaki ndani. Zilizobaki zinapasha joto mawingu. Watu waliliona hili zamani. Benjamin Franklin alibuni jiko lake la chuma miaka ya 1740, na Count Rumford akaandika mwaka 1796 jinsi ya kupunguza kina cha meko na kubana koo la bomba. Wote wawili walirekebisha umbo la mahali pa moto. Kuni zenyewe hawakuzigusa.

Hapo ndipo peleti zinapoingia. Peleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa likawa vijiti vidogo, unene wa milimita 6 hivi. Aliyewahi kufuga sungura amekwisha kuziona dada zake, kwa sababu mashine ya kutengeneza peleti ilitoka kwenye viwanda vya chakula cha mifugo. Vumbi hukaushwa mpaka maji yabaki kama asilimia 10 au chini yake, husagwa, kisha hupitishwa kwa nguvu kwenye matundu ya bamba la chuma. Joto la msuguano hulainisha lignini, ile gundi ya asili iliyomo ndani ya mti, na kijiti kikipoa kinashikana chenyewe bila gundi ya dukani.

Vumbi lenyewe lilikuwa tele. Katika majimbo ya Oregon na Washington, viwanda vya kupasua mbao vilikuwa vikichoma taka zake katika matanuri makubwa ya chuma yenye umbo la koni. Baada ya sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970, matanuri hayo yalianza kuzimwa moja baada ya jingine. Taka ikawa mzigo. Halafu ukaja mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973. Kufikia mapema 1974 pipa la mafuta lilikuwa limetoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12. Ghafla kila mtu alikuwa anatafuta kitu kingine cha kuchoma. Mwaka 1977 Rudolf Gunnerman alipata hataza ya Marekani ya kutengeneza peleti za nishati kutokana na nyuzi za mimea.

Majumbani nako watu walikuwa wamerudia kuni kwa wingi, na moshi ukarudi nao. Katika miji iliyokaa mabondeni, kama Medford kule Oregon, hewa ya baridi hutulia chini kama maji kwenye beseni na kushikilia moshi humo humo. Chembe ndogo za moshi huingia ndani kabisa ya mapafu, kwa hiyo haya hayakuwa malalamiko ya harufu tu. Oregon ilipitisha sheria ya majiko ya kuni mwaka 1983. Ni katika miaka hiyo ya 1980 Jerry Whitfield, mhandisi wa ndege aliyefanya kazi Boeing, alipotengeneza jiko la peleti la nyumbani.

Sasa angalia uzuri wa wazo hili. Gogo la kuni halina kipimo: moja ni nene, moja ni bichi, moja lina fundo. Huwezi kuandika programu ya gogo. Peleti zinafanana, kwa hiyo zinahesabika. Ndani ya jiko kuna kasha la kuzihifadhi na parafujo ndefu inayozungushwa na mota. Mota ikizunguka sekunde kadhaa, peleti kadhaa zinadondoka kwenye chungu kidogo cha moto. Feni moja inapuliza hewa ya kuwasha na kusukuma moshi nje, feni ya pili inaleta joto chumbani. Kijiti cha umeme kinawasha moto. Sensa ikiona hakuna moto, au mvuto wa hewa umepotea, parafujo inasimama. Unataka joto zaidi? Mota inazunguka muda mrefu zaidi. Ni kitanzi cha programu, kama vile tunavyoandika kila siku.

Lile la kupachika linaingia kwenye uwazi wa meko ya zamani. Bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu hupitishwa ndani ya bomba la zamani la matofali hadi juu, na fremu ya chuma huziba nafasi iliyobaki. Mwenye nyumba habomoi ukuta. Anabaki na mahali pale pale pa kuotea moto, ila sasa sehemu kama saba au nane katika kumi za nishati zinabaki nyumbani.

Ila sheria nayo ilicheza na mashine. Mwaka 1988 serikali ya Marekani iliweka viwango vya moshi kwa majiko mapya ya kuni. Ili kuyaacha nje meko ya wazi, ilisema kifaa kinachotumia hewa mara 35 au zaidi ya uzito wa kuni hakihusiki. Majiko mengi ya peleti yakapita kwenye mlango huo. Baadhi yalitengenezwa makusudi yavute hewa kupita kiasi ili yasipimwe, na hewa hiyo ya ziada ilibeba joto nje. Yaani jiko lilifanywa baya kidogo ili likwepe mtihani ambao huenda lingeufaulu. Mlango huo ulifungwa na kanuni za mwaka 2015, na kuanzia 2020 kikomo kikawa gramu 2 za chembe za moshi kwa saa.

Na malipo je? La kwanza ni stima. Januari 1998 dhoruba ya barafu iliangusha nyaya huko Quebec, Ontario na kaskazini mashariki mwa Marekani, mamilioni ya watu wakakaa gizani, wengine kwa wiki kadhaa. Katika usiku kama huo jiko la kuni la babu linaendelea kuwaka. Jiko la peleti lisilo na betri au jenereta linazima, hata kama kasha limejaa pomoni. La pili ni soko. Gogo unaweza kulipasua mwenyewe, lakini peleti hutoka kiwandani. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mbao na peleti za Urusi na Belarus. Katika nchi kadhaa, Ujerumani ikiwemo, bei ilipanda zaidi ya maradufu kabla baridi haijafika.

Mimi sisemi jiko la peleti ni baya. Limegeuza taka kuwa joto na kupunguza moshi unaoua watu mabondeni. Hata hapa kwetu jiko la vumbi la mbao, lile unaloshindilia vumbi ukizungushia chupa kisha unaichomoa, linatumia taka ile ile, tena halihitaji stima. Linachohitaji ni mtu wa kulishindilia na kulichunga. Hiyo ndiyo kazi ambayo bodi ya saketi imemwondolea mwenye nyumba wa Oregon. Ameitua kazi, amebeba utegemezi. Kwa hiyo kabla ya kununua mashine yoyote inayokufanyia kazi, iwe jiko au seva, jiulize kwanza: siku stima itakapopotea, nitaota nini?