Ijue Kongo, mwenzetu mkubwa tumjuaye kwa jina tu

JAMHURI ya Kidemokrasia ya Kongo ilipotia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, hapa Nairobi mnamo Aprili 8, 2022, eneo la jumuiya hiyo lilikaribia kuongezeka maradufu kwa siku moja. Jumuiya iliyokuwa ikiishia kwenye Maziwa Makuu ikajikuta na pwani mbili: moja ya Bahari ya Hindi na nyingine ya Atlantiki.

Hata hivyo, mwulize mwanafunzi wa shule ya upili hapa nchini akueleze Kongo ni nchi ya namna gani, na aghalabu atakujibu kwa maneno matatu: vita, madini na rumba. Majibu hayo si ya uongo, ila ni sawa na mtu kuieleza Kenya kwa kutaja chai, wanariadha na simba. Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji kijana kuzitofautisha sehemu za nchi hiyo, ili asomapo habari inayotoka Bunia asidhani kuwa imetoka Kinshasa.

Tuanze na ukubwa. Kongo ina eneo la takriban kilomita mraba milioni 2.345, yaani Kenya nne. Tangu Sudan igawanyike mwaka 2011, ni Algeria pekee inayoizidi katika bara la Afrika. Imepakana na nchi tisa. Idadi ya watu inakadiriwa kuzidi milioni 100, na neno kukadiriwa hapa si la mapambo, kwani sensa ya mwisho ilifanywa mwaka 1984.

Nchi hiyo ina majira mawili ya saa. Ikiwa ni saa sita adhuhuri hapa Nairobi, mjini Goma ni saa tano na mjini Kinshasa ni saa nne. Goma uko umbali wa kilomita zipatazo 850 kutoka Nairobi, ndege akipuruka moja kwa moja. Kutoka Goma hadi Kinshasa, mji mkuu wa nchi yake, ni zaidi ya kilomita 1,500, na hakuna barabara ya kutegemewa baina yake. Jambo hilo pekee laeleza mengi kuhusu siasa za Kongo.

Wakati wa uhuru, Juni 30, 1960, nchi ilikuwa na mikoa sita: Leopoldville, Equateur, Orientale, Kivu, Kasai na Katanga. Hesabu hiyo imepanda na kushuka mara kadhaa, na tangu 2015 mikoa ni 26, ukiwemo jiji la Kinshasa. Msomaji asijisumbue kuikariri yote kwa mkupuo. Wakongomani wenyewe wangali wanasema "Katanga" ingawa katika ramani ya sasa hakuna mkoa wenye jina hilo tupu. Umegawanywa kuwa Katanga Juu, Lualaba, Lomami Juu na Tanganyika. Kwa sababu hiyo nasi tutafuata majina ya kale.

Mlango wa bahari

Magharibi kabisa, Kongo inagusa Atlantiki kwa ukanda mwembamba usiozidi kilomita 40 hivi, karibu na mji wa Muanda. Hapa ndipo mto unapomwagika baharini. Mto Kongo una urefu wa takriban kilomita 4,700, unavuka Ikweta mara mbili, na duniani kote ni Amazon pekee unaomwaga maji mengi kuuzidi. Wareno walifika kwenye mlango wake miaka ya 1480 wakaukuta ufalme wa Kongo, ambao ndio ulioipa nchi hii jina, ijapokuwa makao ya mfalme, Mbanza Kongo, leo yamo nchini Angola.

Mbona nchi yenye mto mkubwa kiasi hicho haikufunguka mapema kwa meli kutoka baharini? Jibu ni maporomoko. Baina ya Kinshasa na bandari ya Matadi mto huteremka kwa maporomoko mfululizo ambayo hakuna chombo kinachoweza kuyapanda. Ndiyo maana wakoloni walijenga reli kati ya 1890 na 1898, kazi iliyogharimu maisha ya vibarua wengi. Wakati huo nchi nzima ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyeimiliki tangu 1885 hadi 1908, serikali ya Ubelgiji ilipoichukua.

Maporomoko hayo hayo yana faida yake. Mabwawa ya Inga, la kwanza la mwaka 1972 na la pili la mwaka 1982, yalijengwa yakiwa na uwezo wa megawati 1,775 kwa jumla, na wataalamu wanakubaliana kwamba mahali hapo pangeweza kutoa mara nyingi ya kiasi hicho. Wakati wa Mobutu Sese Seko ilijengwa njia ya umeme yenye urefu wa takriban kilomita 1,700 kutoka Inga hadi kwenye machimbo ya Katanga. Nyaya hizo zilipita juu ya vijiji chungu nzima, ambavyo havikupata hata taa moja.

Kinshasa wenyewe, uliokuwa ukiitwa Leopoldville hadi 1966, unakadiriwa kuwa na wakazi zaidi ya milioni 15. Ng'ambo ya pili ya mto ni Brazzaville, mji mkuu wa Kongo nyingine. Miji mikuu hiyo miwili yatazamana kila siku, na hadi leo hakuna daraja kati yake. Lugha ya mtaani ni Kilingala, ambacho pia ndicho kilichobeba muziki wa kina Franco Luambo na Tabu Ley hadi kwenye redio zetu. Mwaka 2021, UNESCO iliitambua rumba ya Kongo kuwa urithi wa binadamu wote.

Msituni

Ukipanda mto kutoka Kinshasa unaweza kusafiri kwa matishari takriban kilomita 1,700 hadi Kisangani bila kuzuiwa na maporomoko. Safari hiyo huchukua majuma, na tishari huwa soko linaloelea: mitumbwi hutoka vijijini ikaliwahi katikati ya maji, ikiuza samaki wakavu na mihogo, na kununua sabuni na chumvi.

Huo ndio ukanda wa Equateur na msitu mkubwa wa kati. Mbuga ya Salonga, yenye kilomita mraba zipatazo 36,000, hufikiwa hasa kwa mto au kwa ndege. Humo huishi bonobo, nyani jamii ya sokwe asiyepatikana porini katika nchi nyingine yoyote. Chini ya vinamasi vya eneo hilo kuna tabaka nene la mimea iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka. Watafiti waliolipima na kutoa matokeo mwaka 2017 walikadiria kwamba tabaka hilo, katika Kongo zote mbili, limehifadhi tani bilioni 30 za kaboni. Vinamasi hivyo vikikaushwa, hewa hiyo chafu haitaishia Kongo. Itatufikia hata sisi tunaolalamikia mvua zisizotabirika.

Kisangani ni mahali pa kuvutia kwa mpenzi wa lugha, kwani Kilingala kipandacho na mto hukutana hapo na Kiswahili kitokacho mashariki. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, aliwekwa kuwa gavana hapo mwaka 1887 kwa niaba ya Leopold huyo huyo. Patrice Lumumba alifanya kazi katika posta ya mji huo kabla ya kuwa waziri mkuu wa kwanza.

Kuhusu Kasai, iliyo katikati ya nchi upande wa kusini, inatosha kusema kwamba ndiyo nyumbani kwa Kiluba cha Kasai, yaani Tshiluba, kwa almasi za Mbuji-Mayi, na kwa Wakuba ambao vitambaa vyao vya nyuzi za mwale vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Lumumba alizaliwa huko mwaka 1925.

Nchi ya shaba

Kusini-mashariki msitu unakwisha na nyanda za miombo zinaanza. Hapa ni Katanga. Mobutu aliupa mkoa huu jina la Shaba, neno la Kiswahili lisilohitaji mkalimani, nao ulibaki nalo hadi 1997. Lubumbashi ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa ajili ya madini, na Kiswahili kikawa lugha ya wafanyakazi walioletwa kutoka kila upande. Hata kabla yao, Msiri, mtu wa Unyamwezi katika Tanzania ya leo, alikuwa amejijengea dola huko Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891.

Utajiri huo umekuwa neema na balaa. Siku 11 tu baada ya uhuru, Moise Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, akiungwa mkono na Wabelgiji. Uasi huo ulizimwa Januari 1963. Lumumba aliuawa huko Januari 17, 1961. Urani iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima ilitoka sehemu kubwa katika mgodi wa Shinkolobwe. Leo hii zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti ya dunia, madini yatumikayo katika betri za simu na magari ya umeme, hutoka Kongo, na hasa karibu na mji wa Kolwezi. Baadhi yake huchimbwa kwa mikono, na watoto wamo.

Katanga ndiko alikotoka pia Mwenda Jean Bosco, mpiga gita aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye vidole vyake viliwafunza wengi wa wanamuziki wetu wa miaka ya 1950 na 1960. Washabiki wa soka nao wanaijua TP Mazembe ya Lubumbashi, bingwa wa Afrika mara tano na klabu ya kwanza ya Kiafrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, mwaka 2010.

Mashariki

Kivu, Maniema na Ituri ndiyo sehemu iliyo karibu nasi zaidi, kwa umbali na kwa lugha. Kiswahili kilifika huko katika karne ya 19 kwa misafara iliyopitia Tabora na Ujiji. Mkenya atakisikia na kukielewa, japo ataambiwa "aksanti", na huenda akasikia "batu" na "bitu" pale ambapo yeye angesema watu na vitu. Serikali huitwa "Leta", kutoka Kifaransa. Kisamvu ni sombe. Ukifika Kinshasa ni pondu.

Ni nchi ya milima, baridi na rutuba, yenye wakazi wengi. Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, ndiyo kongwe zaidi barani na ni makao ya sokwe wa milimani. Juu ya Goma umekaa mlima wa volkeno wa Nyiragongo, ulioripuka 1977, 2002 na 2021. Wakazi wamejenga nyumba juu ya mawe meusi yaliyoachwa na moto huo, na husafirisha mizigo kwa chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali.

Vita vya huko havikuanza jana. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, wakimbizi zaidi ya milioni moja walivuka mpaka, wauaji wakiwa miongoni mwao. Vita viwili vikubwa vikafuata, na baada yake makundi mengi yenye silaha. Wanajeshi wa Kenya walikuwa Goma chini ya kikosi cha jumuiya kuanzia Novemba 2022 hadi Desemba 2023. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji huo, na mwezi uliofuata wakauteka Bukavu, ambako Dkt Denis Mukwege, mshindi wa Nobel wa mwaka 2018, amewatibu maelfu ya wanawake waliobakwa vitani. Rwanda na Kongo zilitia saini mkataba wa amani jijini Washington mnamo Juni 2025.

Ili kumfaa msomaji wa habari za kila siku: Goma, Rutshuru na Beni ziko Kivu Kaskazini, Bukavu na Uvira ziko Kivu Kusini, Bunia ni Ituri, kwenye dhahabu, Kindu na Kasongo ni Maniema, Kalemie, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, ni sehemu ya Katanga ya kale. Butembo, ulio Kivu Kaskazini, ni mji wa wafanyabiashara ambao huagiza bidhaa zao kupitia bandari ya Mombasa. Malori hayo ndiyo tuyaonayo barabarani yakielekea Malaba. Huvuka Uganda nzima, kisha yakaingia Kongo kwenye kituo cha mpakani cha Kasindi.