Uzi wa Chinichini, Wala si Mkondo wa Usuli

Kuna rasimu ya istilahi iliyotufikia hapa Nyakasanza, Bunia, nchini Kongo, inayotaka zile kazi ambazo programu huziendesha pembeni, bila mtumiaji kuziona, ziitwe "mikondo ya usuli" badala ya "nyuzi za chinichini". Waliopitisha jina hilo sidhani kama wamewahi kusaka hitilafu hata moja.

Tuanze na usuli. Kiarabu kina asl, yaani shina au chanzo, na wingi wake ni usul. Kiswahili kilichukua vyote viwili: umoja ukawa asili, wingi ukawa usuli, na hadi leo usuli ni habari za jambo lilikotoka. Mwanachuo anayeandika "usuli wa utafiti" yuko sahihi. Lakini uzi unaofagia takataka za kumbukumbu si chanzo cha chochote. Unafanya kazi chinichini, neno ambalo sokoni kila mtu analo, bila kungoja kikao.

Mkondo ndio balaa. Wapinzani wangu hudai neno uzi limelemewa na maana: kuna nyuzi joto, pembe ya nyuzi 90, nyuzi za gitaa. Sawa, na mkondo je, wenye maji, upepo na umeme? Isitoshe, Java ina Thread na, tangu toleo la 8 la mwaka 2014, ina Stream pia. Thread ikinyakua mkondo, Stream tuiite mfereji?

Kijana mmoja wa mtaani, mwenye programu ya mauzo ya duka, aliisimamisha katikati ili aone inapokwama. Alitarajia uzi mmoja; kwenye skrini zikajipanga Finalizer, Reference Handler, Java2D Disposer na AWT-EventQueue-0.

"Papa, hizi nani ameziweka? Mimi sikuziandika."

"Ni nyuzi za chinichini, isipokuwa AWT-EventQueue-0 inayoendesha dirisha. Java yenyewe imezianzisha."

Akaendelea na kazi. Ningemtajia mikondo ya usuli, angeanza kutafuta virusi.

Hata katika maelekezo ya kazi jina hili linakaa vizuri: uzi wa chinichini usiguse dirisha wala kitufe, kazi hiyo iachiwe AWT-EventQueue-0 kupitia invokeLater.

Kupangiwa lugha bila sisi kuwapo si jambo jipya. Kamati ya mwaka 1930 iliyosanifisha lugha hii ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo haikuwemo, na hilo tumelizoea. Ila tangu 2022 tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Rasimu ijayo, waheshimiwa, ipitie Bunia kabla ya kupigwa muhuri.